Kikombe cha Jirani



Wapendwa waamini, juma hili tumeletewa malalamiko mawili juu ya vikombe. Hatusemi kikombe cha Misa. Twasema vikombe vya chai, vile vyeupe vya kauri ambavyo vijana wetu pamoja na akina mama wa WAWATA wamekuwa wakivipamba kwa mikono yao tangu mwezi Januari ili vitolewe zawadi. Lalamiko la kwanza lilitoka kwa mwamini mwenzetu, mtu wa sala na mkazi wa miaka mingi kisiwani, aliyeudhika kwamba vikombe vilivyoandaliwa kwa ajili ya majirani siku ya Idi havikuwa na msalaba. La pili lilitoka kwa jirani Mwislamu mwenyewe, naye hakulileta kama lalamiko. Alikuja jioni na kikombe chake kimefungwa ndani ya kitambaa safi, akatuomba kwa adabu tukipokee tena, kwa kuwa hajui akiweke wapi.

Mmoja ataka zaidi, mwingine apewa asichoweza kukibeba. Tumeyatafakari mambo haya mawili juma zima, na leo twapenda kusema tulivyoona.

Kwanza tueleze vikombe hivi vilitoka wapi, kwa faida ya wasiokuwapo. Hapa Pemba sisi Wakristo tu wachache sana katikati ya ndugu zetu Waislamu, na walio wengi kati yetu ni watu wa kuja: walimu, askari, wauguzi, watumishi wa serikali, na wale wanaofika wakati wa msimu wa karafuu. Parokia yetu ni parokia ya kuagana. Barua ya uhamisho ikifika, mtu hufunga mizigo, huteremka bandarini Mkoani, na juma linalofuata nafasi yake katika benchi inakaliwa na mwingine. Kwa miaka mingi tumeagana kwa bahasha. Kila familia hutia chake, jina huandikwa kwenye daftari pamoja na kiasi, na daftari husomwa kwa sauti. Sisi wenyewe tumesimama tukisikiliza daftari likisomwa, na tumeona mama mmoja, ambaye kila Jumamosi hufagia kanisa bila kuombwa, akiondoka kabla jina lake halijafikiwa. Alikuwa na shilingi elfu moja.

Hapo ndipo wazo la vikombe lilipozaliwa. Kikombe cheupe kisicho na maua hakina bei kubwa, na rangi zikinunuliwa kwa pamoja zinawatosha watu wengi. Kilichobaki ni kazi ya mkono na kumfikiri mtu anayeondoka. Yule mama alikuwa wa kwanza kujitokeza. Alimpambia muuguzi mmoja aliyemzalisha mtoto wake wa mwisho. Akachora tawi la mkarafuu lenye vikonyo vyekundu, na chini yake akaandika jina la mtoto na tarehe ya kuzaliwa, kwa herufi zinazopanda na kushuka kama njia ya kwenda shamba. Muuguzi yule yuko bara sasa. Ametuletea salamu kwamba hanywei chai katika kikombe kile, anaogopa kitavunjika. Amekitia kalamu na kukiweka mezani kazini. Fedha za ile bahasha, nadhani zilikwisha kabla meli haijafika Unguja.

Kuna wanaouliza kwa nini tusiagize vile vikombe vya kupigwa picha kwa mashine, vinavyotengenezwa Dar es Salaam, ambavyo hutoka vyote sawasawa na rangi zake haziparami wala kufifia upesi. Hatuna ugomvi navyo. Ila tunavyo kabatini visivyopungua kumi na moja, kila kimoja kina sura ya mwenye harusi au mwenye jubilei, na twakiri kwamba ni vigumu kunywa uji huku tukitazamwa na maharusi tusiowakumbuka majina. Kikombe cha namna hiyo humtangaza anayekitoa. Tulichotaka sisi ni kikombe kinachomwangalia anayekipokea.

Kazi yenyewe haikuwa nyepesi, na hatupendi mtu aingie bila kujua. Kauri iliyokwisha kupakwa ule ung'avu wake hainywi rangi. Rangi hukaa juu ya ngozi yake tu, kama tone la maji juu ya jani la mgomba. Kwa hiyo kikombe huoshwa kwa sabuni, hupanguswa kwa siki au spiriti ili mafuta ya vidole yatoke, kisha hupakwa rangi maalumu za kauri, nazo huachwa zikauke kabisa kabla ya kuokwa. Rangi tulizopata zinataka oveni ya nyuzi 150 kwa muda unaozidi nusu saa kidogo, na kikombe kiingie oveni ikiwa bado baridi na kitoke ikiwa imekwisha kupoa, la sivyo kitapasuka. Oveni ngapi ziko katika jumuiya zetu? Ndiyo maana mwanzoni akina mama walijaribu njia wanayoijua ya kuoka mkate wa mayai, makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Vikombe vitatu vilipasuka, na cha nne kilitoka na maua meusi kama ya msibani. Tangu hapo tunatumia oveni ya umeme ya familia moja, wanayotuazima kila baada ya majuma mawili.

Tena, na hili tunalisema kwa mkazo: msitumie zile rangi za mafuta za kupakia milango na madirisha. Nyingine zina madini ya risasi, ambayo ni sumu, hasa kwa watoto. Hata rangi iliyo salama ipakwe upande wa nje peke yake, na uachwe upana wa vidole viwili kutoka ukingoni, mahali pa midomo. Kijana mmoja alituambia kwamba hivyo kikombe kinaonekana kama hakikumalizika. Na kionekane hivyo.

Tuje sasa kwa jirani.

Mkaao Pemba mnajua jinsi vyombo vinavyosafiri hapa kutoka nyumba hata nyumba. Mwezi wa Ramadhani hupokea sahani ya futari kutoka kwa mtu ambaye hujawahi kuketi naye. Krismasi hupeleka pilau, na bakuli likirudi huwa na kitu ndani yake, ndizi mbili au maembe, kwa sababu chombo hakirudishwi kitupu. Vijana wetu waliposema wawapelekee majirani vikombe siku ya Idi, walikuwa wakiendeleza jambo walilolikuta. Tulifurahi. Na katika furaha hiyo hatukuwaongoza vya kutosha, na kosa ni letu.

Kijana mmoja, kwa nia njema kabisa, alitaka kumheshimu jirani yake mvuvi. Akatafuta kwenye simu jinsi jina la Mwenyezi Mungu linavyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, akalinakili kwa rangi ya buluu kuzunguka kikombe, na kwa hakika alilinakili vizuri kuliko tulivyotazamia. Hiki ndicho kikombe kilichorudi ndani ya kitambaa.

Mzee yule alitufafanulia bila kukasirika. Jina la Mungu haliwekwi juu ya chombo kitakachoachwa sakafuni, kitakachooshwa pamoja na sufuria zenye masizi, kitakachoshikwa na mtoto aliyetoka chooni. Akitumie, anaona anavunja heshima. Asikitumie, ataonekana ameikataa zawadi. Kisha akatukumbusha kwamba kisiwani kwetu maandishi juu ya kauri ni jambo lenye uzito wake. Nani hapa hajasikia habari za kombe? Aya huandikwa kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, maandishi yakaoshwa kwa maji au kwa marashi, na mgonjwa akanywa. Hatuandiki haya ili kuamua juu ya desturi hiyo. Waamini wetu wanajua mafundisho ya Kanisa kuhusu mahali pa kutafuta uponyaji. Twasema tu kwamba mtu wa Pemba akiona neno takatifu kwenye chombo cha kunywea, haoni urembo. Na tusione ajabu kupita kiasi. Asomaye Kitabu cha Hesabu, sura ya 5, aya ya 23 na ya 24, atakuta kuhani akiandika maneno, akiyafuta katika maji, na maji hayo yakinywewa.

Tulipokuwa tukimsikiliza mzee, tulikumbuka jambo letu wenyewe. Mwaka mmoja, siku ya kumbukumbu ya upadre wetu, vijana walituletea kikombe kikubwa cha kauri walichokichora zabibu na ngano, wakatuomba tukitumie altareni Dominika ile ile. Kilikuwa kizuri. Tulikikataa kwa altare, na baadhi yao walihuzunika, kwa kuwa hawakujua kwamba maagizo ya Kanisa, katika waraka wa Redemptionis Sacramentum wa mwaka 2004, namba 117, yanakataza vyombo vya kioo, vya udongo na vya vitu vingine vinavyovunjika kwa urahisi visitumike kwa Damu ya Bwana. Kikombe kile twanywea chai kila asubuhi mpaka leo. Lakini siku ile tulikuwa sisi ndio tuliopewa kwa upendo kitu ambacho adabu ya imani yetu haikuturuhusu kukitumia kama mtoaji alivyotaka. Mzee wa kitambaa alisimama mbele yetu mahali pale pale tuliposimama sisi.

Ndugu yetu wa lalamiko la kwanza hakuridhika na maelezo haya, na tunataka kumtendea haki, maana hoja yake si ndogo. Alisema hivi kwa kifupi: Padre, herufi zao hatuandiki kwa kuwaheshimu, msalaba wetu hatuuweki kwa kuwaheshimu, je, sisi twaheshimiwa wapi? Naye alikumbusha siku ambazo wote tunazikumbuka. Tarehe 25 Desemba 2012 Padre Ambrose Mkenda alipigwa risasi Unguja akajeruhiwa. Tarehe 17 Februari 2013 Padre Evarist Mushi aliuawa kwa risasi akienda kuadhimisha Misa. Miaka ile kulikuwa na waamini waliovua rozari shingoni kabla ya kupanda daladala. Ndugu yetu hakuvua yake. Mtu kama huyo akiuliza kwa nini leo msalaba uondolewe hata kwenye kikombe cha chai, hajibiwi kwa kuambiwa awe mvumilivu.

Jibu letu ni hili. Hofu na adabu hufanana kwa nje kama mapacha, na anayejua tofauti yao ni yule aliye nazo moyoni. Ikiwa yuko kijana aliyeacha kuchora msalaba kwa kuogopa kutambulikana, basi kikombe hicho asikitoe kwanza, aje tuzungumze, maana ana mzigo mzito kuliko kikombe. Lakini akiuacha kwa sababu amemfikiri mama Asha au Bwana Hamadi atakavyokaa na kikombe hicho asubuhi, mbele ya watoto na mbele ya wageni, huyo hakuficha kitu. Jirani anajua sisi ni akina nani. Anasikia kengele yetu. Anajua kikombe kimetoka kwa Wakristo, na akiuliza sababu ya kumpa, aambiwe wazi wazi, kwa upole na heshima, kama Mtume Petro alivyoagiza katika Waraka wake wa Kwanza, sura ya 3, aya ya 15.

Na kuna upande mwingine ambao ndugu yetu hakuutazama. Tuseme tumechora msalaba juu ya vikombe vyote tukavipeleka. Vitakwenda wapi? Jirani mwenye tabia njema hatavivunja wala hatavirudisha. Ataviweka nyuma ya gunia la mchele, au chini ya kitanda. Tutakuwa tumeupeleka msalaba wa Bwana kwenda kukaa gizani na mende, kisha tuhesabu kwamba tumeshuhudia. Sisi twaona hivyo si kuuheshimu msalaba.

Watu wa pwani hii wana shule ya zamani ya jambo hili, nayo ni kanga. Mwanamke akitaka kumpa mwenzake kanga haangalii maua peke yake. Husoma jina la kanga, akapima: huyu ni mfiwa, huyu ni bibi harusi, huyu tuligombana naye mwaka jana. Jina moja linaweza kuwa baraka kwa mmoja na kijembe kwa mwingine. Anayenunua kanga bila kusoma jina huonekana hana malezi. Kikombe chenye maandishi ni kanga ya kauri.

Na kauri yenyewe imekuwa ikivuka mipaka ya dini tangu kale. Pwani yetu yote, kutoka Kunduchi hadi Malindi, kuna makaburi ya Waislamu wa zamani ambayo yalipambwa kwa sahani na bakuli zilizoletwa na jahazi kutoka mbali, nyingi zikiwa za Uchina. Na hapa kwetu magofu ya Ras Mkumbuu, yenye msikiti na makaburi yake ya nguzo, ni mashahidi wa biashara hiyo hiyo ya bahari. Huko Uchina, wakati wa utawala wa Zhengde, kati ya mwaka 1506 na 1521, vilitengenezwa vyombo vya kauri nyeupe na buluu vyenye maandishi ya Kiarabu na Kiajemi, kwa ajili ya watumiaji Waislamu. Vingi vilikuwa vyetezo, visanduku na vyombo vya kuwekea kalamu, mahali ambapo maandishi hukaa kwa heshima. Aliyevibuni alijua nani atavishika na atavitumia kwa kazi gani. Kijana wetu alijua herufi tu.

Tungeweza kumtaja pia Mtakatifu Fransisko wa Asizi, aliyekwenda kwa Sultani al-Kamil karibu na Damietta mwaka 1219, wakati wa vita. Huko Asizi hata leo huhifadhiwa pembe ya ndovu ambayo kwa mapokeo alipewa na Sultani, na husemwa kwamba aliitumia kuita watu waje kusikiliza mahubiri. Zawadi ya Mwislamu ikafaa kwa kazi ya mhubiri Mkristo! Miaka 800 baada ya safari ile, tarehe 4 Februari 2019, Baba Mtakatifu Fransisko alitia sahihi Abu Dhabi hati ya udugu wa kibinadamu pamoja na Imamu Mkuu wa Al-Azhar, Ahmad al-Tayyeb. Na Mtaguso ulikuwa umekwisha kutufundisha mwaka 1965, katika Nostra Aetate, kuwatazama Waislamu kwa heshima. Hati hizo ni nzito, na hatudhani kwamba kikombe cha chai chahitaji kubebeshwa uzito wote huo. Ila hati husomwa na wachache, na kikombe hunywewa kila siku.

Kwa hiyo tumekubaliana na viongozi wa jumuiya kama ifuatavyo. Vikombe vya wanakipaimara, vya Komunyo ya Kwanza na vya waamini wanaohama vitapambwa kwa alama za imani yetu bila kusita: msalaba, njiwa, jina la mtakatifu msimamizi. Vikombe vya majirani Waislamu visiwe na msalaba, wala herufi tusizozijua adabu yake. Tena tujiepushe na sura za watu na wanyama, kwa sababu wengi wao hawapendi sura za viumbe hai nyumbani. Tunajua vijana wanampenda sana yule popo mkubwa wa Pemba na wamejifunza kumchora akining'inia. Wamchore kwenye vikombe vyao. Kwa jirani kuna mkarafuu, kuna mgomba, kuna mawimbi na nyota. Na kikombe kiwe kipya, kitoke dukani mbele ya macho, ili asibaki akijiuliza kilikuwa na kinywaji gani kabla yake.

Ndugu yetu wa lalamiko la kwanza bado hakubaliani nasi katika yote, nasi hatukumlazimisha. Juzi alikuja kwenye kazi, akaketi pembeni, akapamba kikombe kimoja chenye msalaba mkubwa mwekundu kwa ajili ya binti yake anayesoma Morogoro. Alipomaliza alikaa tu. Baadaye akauliza ikiwa kuna cheupe kilichobaki, akakichukua kwenda nacho nyumbani, na hatukumwuliza ni cha nani.

Kikombe chenye jina la Mwenyezi Mungu mzee aliomba tusikivunje wala kukitupa jaani. Kiko sakristia, rafu ya juu kabisa, ndani ya kile kitambaa chake. Kijana aliyekipamba amekwenda mara mbili ufukweni kuketi na mzee wakati nyavu zinashonwa, na amerudi na habari kwamba mzee hunywa chai ya mchaichai bila sukari, na kwamba chombo chake kina tanga lenye kiraka upande wa kushoto. Anachora tanga hilo sasa, pamoja na kiraka.

Oveni tutaipata Jumamosi ijayo, saa tisa alasiri. Rangi ya buluu imekwisha. Nyekundu na kijani zipo. Atakayekuja aje na kikombe kimoja cheupe na jina la mtu mmoja.